Timbo la Mawe Huota Tena Udongo Wake Ukihifadhiwa

Kuvu wadogo wanaoishi mizizini huchangia sana kuamua kama mche utashika au utakauka katika ardhi iliyochimbwa

Hadithi ya miche kwenye timbo lililoachwa inajulikana na wengi katika Kaunti ya Nyeri. Mvua za Aprili zinapoanza, kikundi cha vijana au cha akina mama hufika na majembe. Mashimo huchimbwa kwenye murramu, miche hupandwa na picha hupigwa. Mwezi wa Mei kila kitu ni kijani. Ifikapo Februari ya mwaka unaofuata, vilivyobaki ni vijiti vikavu.

Lawama huangukia mbuzi, jua kali la Kieni, na waliokosa kumwagilia maji. Hizo zote ni sababu za kweli. Lakini iko nyingine isiyoonekana kwa macho, nayo huanza siku ile tingatinga linapoingia shambani. Udongo wa juu unapokwanguliwa na kutupwa, hutupwa pamoja na kuvu wanaoishi kwenye mizizi ya mimea. Bila kuvu hao, mche unaweza kupewa maji na bado ukadumaa.

Jambo hili linawahusu wakazi wengi. Mawe ya kujengea kutoka Nyeri yanatafutwa na mafundi katika miji yote inayozunguka Mlima Kenya, kuanzia Karatina na Kerugoya hadi Nanyuki. Kila barabara inayopanuliwa, ikiwemo ile ya Kenol hadi Marua kupitia Sagana, huhitaji mawe, kokoto na murramu. Uchimbaji huo unalipa karo na kuwapa vijana kazi. Swali ni kile kinachobaki mawe yakiisha: shamba linaloweza kulisha mbuzi na kuotesha kuni, au shimo tupu linalojaa maji wakati wa mvua na kuhatarisha watoto na mifugo.

Kuvu wa mizizi ni nini?

Watu wengi wanaposikia neno kuvu huwaza uyoga, mkate ulioota ukungu, au ugonjwa wa chulewa kwenye majani ya kahawa. Hao ni ndugu wa ukoo mmoja. Kuvu wanaozungumziwa hapa ni tofauti kwa tabia: hawaharibu mmea, wanashirikiana nao. Wataalamu huwaita maikoraiza, jina lililotokana na maneno mawili ya Kigiriki yenye maana ya kuvu na mzizi.

Jina hilo lilitolewa mwaka 1885 na mwanasayansi Mjerumani, Albert Bernhard Frank. Serikali ilikuwa imemwomba achunguze kama uyoga ghali unaoota chini ya ardhi unaweza kulimwa kama zao. Alipochimba chini ya miti aligundua kwamba ncha za mizizi zilikuwa zimevikwa kuvu, na kwamba miti hiyo haikuwa migonjwa. Ilikuwa na afya njema. Frank alifikia uamuzi kwamba mti na kuvu walikuwa wakilishana. Wenzake wengi walimpinga wakati huo, lakini utafiti uliofuata ulithibitisha maneno yake.

Mapatano yenyewe ni rahisi kueleweka. Mmea hutengeneza sukari kwa kutumia mwanga wa jua. Kuvu hana majani wala rangi ya kijani, kwa hiyo hawezi kujitengenezea sukari. Anaingia kwenye mzizi, anapewa sehemu ya sukari hiyo, naye anatoa nyuzi nyembamba kuliko unywele zinazoenea udongoni sentimita kadhaa kupita pale mzizi wenyewe unapofika. Nyuzi hizo huleta maji na chakula cha mmea, hasa fosforasi. Kijiko kimoja cha udongo mzuri kinaweza kuwa na mita nyingi za nyuzi hizo.

Ushirikiano huu ni wa kale sana. Mabaki ya mimea iliyogeuka mawe huko Scotland, yenye umri wa takriban miaka milioni 400, yanaonyesha kuvu ndani ya mimea ya mwanzo kabisa kuishi nchi kavu. Leo mimea mingi duniani ina kuvu wa aina hii. Mahindi, maharagwe, viazi, kahawa, majani chai, vitunguu na karibu nyasi zote zimo. Miti ya asili ya Mlima Kenya na Nyandarua kama mutarakwa, mutamaiyu na muiri nayo imo.

Kuna makundi mawili makubwa ambayo mkulima anafaa kuyatofautisha. Kundi la kwanza huingia ndani kabisa ya chembe za mzizi na halitoi uyoga juu ya ardhi. Hao ndio kuvu wa mahindi, nyasi, kahawa na miti yetu mingi ya asili. Kundi la pili huvika ncha za mizizi kwa nje kama soksi, na huotesha uyoga chini ya mti mvua ikinyesha. Hao hupatikana hasa kwa misonobari. Uyoga unaoonekana chini ya misonobari mara nyingi ni dalili ya ushirikiano huo, lakini usiuokote kula, kwani baadhi yake una sumu.

Kenya ina ushahidi wake kuhusu jambo hili. Misonobari ilipoletwa kutoka nje enzi za ukoloni, miche ilidumaa kwenye vitalu kwa kuwa udongo wa hapa haukuwa na kuvu wa kundi hilo. Hali ilibadilika pale udongo wa chini ya misonobari iliyokwisha kushika ulipoletwa kutoka Afrika Kusini na kuchanganywa kwenye vitalu. Tangu hapo kuvu walienea vitalu kwa vitalu, na leo hakuna anayewafikiria.

Kwa nini udongo wetu unawahitaji

Udongo mwekundu wa volkeno unaofunika sehemu kubwa ya Tetu, Othaya, Mukurweini na Mathira una sifa nzuri, lakini una tatizo moja. Madini ya chuma na alumini yaliyomo hushika fosforasi na kuizuia isiende popote. Mkulima anaweza kuweka mbolea ya DAP na sehemu kubwa ikabaki imefungwa udongoni.

Fosforasi haitembei na maji kama naitrojeni. Mzizi hutumia ile iliyo karibu nao, umbali wa milimita moja au mbili tu, kisha huzungukwa na udongo usio na kitu. Mmea una njia mbili za kutoka hapo: kuotesha mizizi mipya, jambo linalogharimu nguvu nyingi, au kutegemea nyuzi za kuvu zifike mbali zaidi. Kwa mche mchanga wenye mizizi ya urefu wa kidole, njia ya pili ndiyo ya haraka.

Kazi nyingine ya nyuzi hizo ni kufunga chembe za udongo pamoja zikawa mabonge madogo. Udongo wa mabonge hunywesha maji ya mvua na kuacha hewa ipite. Udongo uliopoteza mabonge hayo huwa vumbi wakati wa kiangazi na tope wakati wa mvua, kisha huteremka hadi mtoni. Kwa kaunti ambayo mito yake humwaga maji katika Tana na Ewaso Ng'iro, tope la timbo moja ni shida ya watu wengi walio chini.

Kinachopotea timbo linapofunguliwa

Udongo wa juu, ule mweusi kiasi wenye mizizi na harufu ya mvua, kwa kawaida ni sentimita 15 hadi 30 tu. Humo ndimo wanamoishi kuvu, bakteria, minyoo na mbegu za nyasi. Chini yake udongo hubadilika rangi, chakula hupungua na viumbe huwa wachache. Chini zaidi ni murramu na mwamba.

Mchimbaji anayetaka mawe huona udongo wa juu kama uchafu unaomzuia. Mambo matatu hutokea mara kwa mara. Udongo huuzwa kwa wanaotengeneza bustani mjini. Au husukumwa bondeni na kufukiwa na mawe yaliyovunjika. Au hulundikwa kama kilima kirefu pembeni, ukakaa hapo miaka mingi ukingoja siku ya kurudishwa.

Njia hiyo ya tatu inaonekana nzuri, lakini ina kasoro. Kuvu wa mizizi hawawezi kuishi muda mrefu bila mmea ulio hai. Ndani ya lundo refu hakuna mizizi inayoota, hewa ni haba na joto hupanda. Vimbegu vya kuvu hufa kidogo kidogo, na mbegu za nyasi pia. Udongo ukirudishwa baada ya miaka mitano bado una rangi nyeusi, lakini uhai wake umepungua sana.

Ndiyo maana mche uliopandwa moja kwa moja kwenye sakafu ya timbo huteseka. Ulitoka kwenye kitalu ukiwa na udongo kidogo kwenye kifuko. Mizizi ikitoka nje ya udongo huo inakutana na murramu usio na mwenzake wa kuusaidia. Kuvu huweza kurudi wenyewe kwa njia ya upepo, maji ya mvua, panya na miguu ya mifugo, lakini safari hiyo huchukua miaka. Mche hauna miaka ya kungoja. Una msimu mmoja wa mvua.

Funzo kutoka Bamburi

Wanaosema kwamba ardhi iliyochimbwa haiwezi kurudi wanafaa kutembelea Bamburi, kaskazini mwa kisiwa cha Mombasa. Kiwanda cha saruji kilianza kuchimba mawe ya matumbawe hapo mwaka 1954. Baada ya miaka 17, kilichobaki kilikuwa sakafu ya mwamba mweupe iliyokaribia maji ya chumvi, bila udongo wala kivuli.

Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo kutoka Uswisi, René Haller, alianza kupanda miti humo. Alijaribu aina 26. Ni tatu tu zilizovumilia, na mmoja wao ulikuwa mvinje, mti wa pwani wenye majani membamba kama sindano. Mvinje hustahimili chumvi, na mizizi yake ina washirika wa aina mbili. Wa kwanza ni bakteria wanaoishi kwenye vinundu na kuuletea naitrojeni kutoka hewani, kama wale wa maharagwe wanavyofanya. Wa pili ni kuvu wa mizizi, wanaoutafutia fosforasi. Kwa msaada wa washirika hao, mti huweza kuishi mahali ambapo udongo haupo.

Lakini miti peke yake haikutosha. Sindano za mvinje zilianguka na kulundikana bila kuoza. Haller aliona jongoo wenye miguu myekundu wakizitafuna, akawaleta wengi ndani ya timbo. Kinyesi cha jongoo na sindano zilizosagwa vikawa mwanzo wa udongo mpya. Baadaye miti mingine ikapandwa chini ya kivuli, kisha ndege na wanyama wakafuata. Sehemu hiyo leo inaitwa Haller Park, nayo hupokea wageni na wanafunzi kutoka kote nchini.

Nyeri si pwani, na mvinje si mti wa kukimbilia huku kwenye baridi. Funzo lenyewe ndilo linalosafiri. Kwanza, chagua mimea inayokuja na washirika wake. Pili, jenga udongo kabla ya kudai msitu. Tatu, Bamburi walilazimika kuanza na mwamba mtupu kwa sababu hapakuwa na udongo uliohifadhiwa. Mwenye timbo hapa anaweza kuanza akiwa mbele, kwa kuwa udongo wake bado upo siku anapofungua shimo.

Huko Australia Magharibi, wachimbaji wa madini ya alumini walifikia uamuzi huohuo kwa miaka mingi ya majaribio. Udongo wa juu unaokwanguliwa kwenye shimo jipya hupelekwa moja kwa moja kufunika shimo lililokwisha, bila kulundikwa, inapowezekana. Hivyo mbegu na kuvu hufika wakiwa hai.

Jinsi ya kuokoa udongo wa juu

Hatua zifuatazo hazihitaji mashine mpya. Zinahitaji mpango kabla ya kuchimba.

1. Kwangua udongo wa juu peke yake. Usiuchanganye na murramu. Kazi hii ifanywe udongo ukiwa umekauka kiasi, kwa sababu udongo uliolowa hushindiliwa na magurudumu.

2. Uhamishe moja kwa moja ukiweza. Kama timbo lina sehemu iliyokwisha, sawazisha sehemu hiyo na utandaze udongo wa sehemu mpya juu yake siku hizohizo.

3. Ukilazimika kuulundika, lundo lisizidi urefu wa mtu mzima. Lundo fupi na pana ni bora kuliko kilima.

4. Panda kitu juu ya lundo. Njahi, maharagwe, nyasi ya boma Rhodes au mtama vitawalisha kuvu wakati wa kungoja, na kuzuia mvua isibebe udongo.

5. Andika tarehe na usikawie. Lundo la msimu mmoja ni bora sana kuliko la miaka mitatu.

6. Legeza sakafu ya timbo kabla ya kurudisha udongo. Sakafu iliyokanyagwa na malori ni ngumu kama barabara, na mizizi haiwezi kupenya. Punguza pia mwinuko wa kuta na uchimbe makingamaji.

Kutayarisha udongo wenye kuvu kitaluni

Kwa matimbo ya zamani ambayo udongo wake ulipotea, bado kuna njia. Kikundi cha kitalu kinaweza kuzalisha udongo wenye kuvu kwa gharama ndogo.

Anza na udongo kidogo kutoka chini ya nyasi au miti ya asili iliyo na afya, pamoja na mizizi yake midogo. Ndoo moja inatosha. Chota kina cha sentimita 20 za juu baada ya kuondoa majani makavu. Kando, tayarisha mchanga wa mtoni uliochanganywa na udongo wa chini kidogo, kisha uupashe moto kwenye pipa ili kuua magonjwa na uache upoe. Changanya sehemu moja ya udongo wa kuanzia na sehemu nne za mchanga huo kwenye vyungu au kwenye tuta lililotandikwa karatasi ya plastiki.

Panda mahindi, mtama au boma Rhodes humo. Mwagilia maji kama kawaida, bila kuweka mbolea ya fosforasi. Kuvu watafuata mizizi na kuongezeka. Baada ya miezi mitatu hadi minne, acha kumwagilia kwa siku 10 hadi 14. Mmea unapokauka, kuvu hutambua kwamba mwenyeji wao anakufa na hutengeneza vimbegu vingi vya kujihifadhi. Kata majani, chimbua mizizi, ikatekate na uichanganye na mchanga wake. Huo ndio udongo wenye kuvu.

Mche unapohamishiwa kwenye kifuko, weka vijiko viwili vya mezani vya udongo huo chini ya mizizi, mahali ambapo mizizi itaugusa. Ukiunyunyiza juu tu, kazi kubwa hupotea. Udongo uliobaki uhifadhiwe mahali pakavu penye kivuli, na utumike kufikia msimu unaofuata.

Akina mama wengi wa vitalu watatambua sehemu ya kazi hii. Kwa miaka mingi wamechanganya udongo wa msituni, mchanga na samadi kwenye vifuko vyao. Nyeri ndiko alikozaliwa Profesa Wangari Maathai, katika kijiji cha Ihithe, Tetu, mwaka 1940, na vuguvugu la Green Belt aliloanzisha mwaka 1977 lilijengwa juu ya vitalu vya akina mama. Udongo ule wa msituni ulikuwa unabeba kuvu hata pale ambapo hakuna aliyewataja kwa jina.

Mimea ipi ianze

Kosa la kawaida ni kupanda miti mirefu kwanza. Timbo lirudishwe kwa mpangilio ambao ardhi yenyewe ingefuata.

Msimu wa kwanza ni wa nyasi na jamii ya kunde. Boma Rhodes, njahi na kaliandra hufunika ardhi haraka na kulisha kuvu. Jamii ya kunde huongeza naitrojeni kupitia bakteria wake, kwa hiyo mzizi mmoja hupata washirika wawili kwa wakati mmoja. Nyasi zikikatwa zilishe mifugo zizini, na samadi irudi timboni.

Msimu wa pili au wa tatu, miti ya asili ipandwe kati ya nyasi hizo. Sehemu kavu za Kieni hufaa mutamaiyu na mutarakwa. Sehemu zenye mvua zaidi hufaa muringa, mukinduri na muiri. Kuvu waliokwisha kuenea kwenye mizizi ya nyasi huipokea miche hiyo.

Mti mmoja unahitaji maelezo. Mukima, unaoitwa pia mubariti, umo karibu katika kila shamba la Nyeri. Mti huu uliotoka Australia ni wa jamii ambayo kwa kawaida haitegemei kuvu wa mizizi. Wenyewe hutoa vishada vya mizizi mifupi kama brashi ili kutafuta fosforasi. Makadamia ni ndugu yake. Hakuna ubaya wa kuupanda timboni, lakini timbo la mukima mtupu halitarudisha kuvu kwa haraka. Kwa sababu kama hiyo, sukuma wiki na kabeji hazifai kuzalishia udongo wenye kuvu. Jamii yake haishirikiani nao.

Tahadhari

Kuvu wa mizizi si dawa ya kila kitu. Katika shamba la kawaida lenye nyasi na mazao, tayari wamo. Mkulima anayeuziwa pakiti ya kuvu kwa ajili ya shamba lenye rutuba anaweza kutumia pesa bila kuona tofauti. Pakiti hizo zikinunuliwa, ziwe zimesajiliwa, ndani ya muda wake na hazijaanikwa juani dukani, kwa sababu kilichomo kinatakiwa kiwe hai.

Udongo unaohamishwa unaweza kubeba magonjwa. Usichukue udongo wa kuanzia kwenye shamba la viazi au nyanya lililowahi kuwa na mnyauko wa bakteria, wala chini ya mti unaokufa kwa kuoza mizizi. Udongo wa msitu wa serikali usichotwe bila ruhusa ya Shirika la Huduma za Misitu nchini, KFS. Kingo za shamba lako au za jirani, penye nyasi na miti ya asili, mara nyingi zinatosha.

Mbolea nyingi ya fosforasi huufanya mmea ukatae kushirikiana na kuvu, kwa kuwa haumhitaji tena. Tumia samadi iliyooza na mboji zaidi, na mbolea ya dukani kwa kipimo kidogo. Dawa za kuua ukungu zikimwagwa udongoni nazo huwaua kuvu wema.

La mwisho, hakuna kuvu atakayezuia mbuzi. Timbo lisilozungushiwa ua wa michongoma au waya kwa miaka miwili ya kwanza litaliwa. Matandazo na maji kidogo wakati wa kiangazi cha Januari na Februari bado ni lazima.

Sheria inasemaje

Kifungu cha 42 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi na yenye afya. Chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya mwaka 1999, uchimbaji wa mawe huhitaji tathmini ya athari kwa mazingira na leseni ya NEMA. Sheria ya Madini ya mwaka 2016 inamtaka mwenye leseni ya madini awe na mpango wa kurudisha ardhi na aweke dhamana ya fedha kwa ajili ya kazi hiyo. Nazo serikali za kaunti zimekabidhiwa na Katiba utekelezaji wa sera za taifa kuhusu uhifadhi wa udongo, maji na misitu.

Mwenye shamba anayekodisha ardhi yake kwa mchimbaji asiishie kuuliza bei ya lori. Mkataba uandike mambo manne: udongo wa juu utawekwa wapi, ni nani atakayeupanda nyasi, sakafu itasawazishwa lini, na ni nani atakayelipia miche. Mambo hayo yasipoandikwa kabla ya tingatinga kuingia, baadaye hubaki kuwa maneno matupu. Mchimbaji huondoka na mawe, mwenye shamba hubaki na shimo.

Wakazi wanaopanga kufungua au kufunga timbo wanashauriwa kumwona afisa wa kilimo wa wadi yao na ofisi ya mazingira ya kaunti ndogo kabla ya kazi kuanza. Vikundi vinavyotaka kuotesha miche kwa ajili ya matimbo vianze miezi sita kabla ya mvua, kwa kuwa udongo wenye kuvu huchukua miezi minne na mche nao unahitaji muda wa kuupokea. Kwa mvua za Machi hadi Mei, maana yake ni kupanda mahindi ya kitalu mwezi wa Septemba.

Taifa limejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka 2032. Hesabu ya miche iliyopandwa ni rahisi kuipata. Hesabu yenye maana kwa mwenye timbo ni ya miti iliyosimama baada ya kiangazi cha pili, na hiyo hutegemea sana udongo aliouweka kando siku ya kwanza.